Namna ya kuingia kwenye kazi za jamii za NGO, hatua kwa hatua, kwa anaeanza bila koneksheni

Swali huwa linakuja kwa sura moja, "nisome nini ili niajiriwe NGO?", na mi huwa narudisha swali: unataka kukaa upande gani wa NGO? Maana ndani ya shirika moja kuna mtu wa fedha, kuna wa manunuzi, kuna wa kuandika maombi ya ufadhili, kuna wa ufuatiliaji na tathmini, alafu kuna yule ambae kazi yake ni kwenda kwa watu. Huu mwongozo ni wa huyo wa mwisho. Utamkuta anaitwa mhamasishaji jamii, afisa jamii, mfanyakazi wa fildi, mratibu wa jamii, majina yanabadilika kila mradi ila kazi ni ileile, shirika lina kitu (chanjo, mafunzo, msaada wa kisheria, maji), watu wana shida zao na mashaka yao, na wewe umesimama katikati.

Wengi wanadhani ukiwa mchangamfu na unajua kushika maiki basi umemaliza. Maiki ni siku moja tu. Kazi yenyewe ni kurudi, yaani kurudi pale ulipoahidi utarudi, kurudi na jibu hata kama jibu ni hapana, na kurudi ofisini kuwaambia wakubwa kitu ambacho hawapendi kukisikia kuhusu mradi wao. Kama hilo la kurudi linakuchosha hata kulisoma, tafuta kitengo kingine mapema, wala sio dhambi.

Hatua ya 1: Chagua jambo kabla ya kuchagua shirika

"Nataka kufanya kazi UNICEF" huo bado sio mpango. Sema nataka afya ya mama na mtoto, au haki za watu wenye ulemavu, au maji na usafi, au wakimbizi, au vijana na ajira. Sababu ni ya kivitendo kabisa, wafadhili wanatoa hela kwa sekta, matangazo ya kazi yanauliza uzoefu kwa sekta, na mashirika yanakuja na kuondoka. Angalia kilichotokea mwaka 2025, Machi serikali ya Marekani ikatangaza imefuta asilimia 83 ya programu za USAID (shirika lake la misaada ya nje), na ilipofika tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kutoa misaada, kilichobaki kikahamishiwa wizara ya mambo ya nje. Miradi iliyokuwa inategemea mlango mmoja ilikatika dunia nzima ndani ya miezi michache. Kwenye mtikisiko wa namna hiyo jina la shirika ulilofanyia halikubebi sana, kinachobaki mkononi mwako ni jambo unalolijua vizuri na watu wanaokujua kwa hilo jambo.

Na usidharau uliyoyapitia mwenyewe. Kuna shirika linaitwa mothers2mothers, lilianza Cape Town mwaka 2001, lenyewe linaajiri wanawake wanaoishi na VVU wakae na wajawazito wengine wenye VVU, wawaeleze dawa, wawafuatilie mpaka mtoto azaliwe na baada ya hapo. Hapo kitu ambacho kwingine mtu angekificha ndo kinakuwa sifa ya kazi. Kama umeishi ukimbizini, umelea mtoto mwenye ulemavu, umetoka kwenye uraibu, huo ni ujuzi. Ila uamuzi wa kuusema ni wako, na ukiona shirika linataka usimulie historia yako kila mgeni akija lakini halikupi nafasi ya kuamua chochote, hapo umegeuzwa maonyesho, dai kazi ya kweli au ondoka.

Hatua ya 2: Ielewe kazi kwa kuangalia walioifanya vizuri na walioivuruga

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kiini.

BRAC ni shirika la maendeleo lililoanza Bangladesh mwaka 1972. Kwenye miaka ya 1980 walikuwa na kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi, sukari guru na maji ili mtoto anaeharisha asikaukiwe, wakazifikia zaidi ya kaya milioni 12. Uzuri wa ile programu upo kwenye malipo: mfundishaji hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizogonga, baada ya muda mkaguzi alikuwa anapita kwenye baadhi ya zile nyumba, anauliza mama anakumbuka nini na anaweza kuchanganya au vipi, na malipo ya mfundishaji yanategemea majibu ya mama. Yaani ukipita haraka haraka ili umalize orodha, umejikata mshahara mwenyewe.

Hata hivo mwanzoni akina mama wengi walikuwa wanajua kuchanganya ila hawatumii. Kuchunguza wakakuta sababu kadhaa, moja ni kwamba baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuiamini ile dawa, nyingine ni kwamba akina baba hawakushirikishwa na wao ndo wenye sauti nyumbani. Wakarudi nyuma, wakawaelewesha wafanyakazi wao kwanza, wakaanza na mikutano ya wanaume. Mi naona hapa kuna somo kubwa kuliko kozi nyingi za wiki nzima, kitu usichokiamini wewe watu wanakinusa usoni kwako kabla hujamaliza salamu.

Mfano wa pili ni Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 mpaka 2016, Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mwili wa aliekufa kwa Ebola unaambukiza sana na Shirika la Afya Duniani lilisema angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokea wakati wa maziko. Kwahiyo kitaalamu ujumbe ulikuwa sahihi, msiguse maiti. Lakini timu zikawa zinakuja zimevaa mavazi meupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, zinachukua mwili, zinaondoka, familia haijui mtu wao kazikwa wapi, na watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Novemba 2014 ndo ukatoka utaratibu mpya wa maziko salama na yenye heshima, umeandaliwa pamoja na mashirika ya dini ya Kikristo na ya Kiislamu, familia inashirikishwa, kiongozi wa dini anaomba, kaburi linajulikana. Ugonjwa ulikuwa uleule, kilichobadilika ni kwamba mtu aliefiwa sasa anaulizwa.

Ukishaelewa hiyo mifano miwili, utaanza kusoma matangazo ya kazi kwa jicho lingine, tangazo linalosema tu "kufikia watu 5,000 kwa mwezi" na halisemi kitu kuhusu kurudi kuwasikiliza, jiulize mwenyewe hiyo kazi ni ya namna gani.

Hatua ya 3: Jitolee, ila kwa mipaka

Mlango wa kwanza kwa wengi ni kujitolea. Acha kuanza na mashirika makubwa, huko utapewa fulana na kazi ya kupanga viti. Nenda kwenye kikundi kidogo cha watu wanaofanya lile jambo ulilochagua, chama cha wazazi, kikundi cha vijana, kituo cha wasaidizi wa kisheria, huko watu ni wachache kwahiyo utapewa jukumu la kweli ndani ya muda mfupi. Omba jukumu lenye mwanzo na mwisho: "nitafuatilia watoto walioacha shule kwenye hii orodha kwa miezi mitatu" ni bora mara kumi kuliko "nipo kusaidia chochote".

Mipaka sasa. Kabla hujaanza kubalianeni ni siku ngapi kwa wiki, nani anakusimamia, nauli na chakula cha siku ya kazi analipa nani, na mwisho utapata barua inayoeleza ulichofanya. Kujitolea kukivuka mwaka unafanya kazi ya mwajiriwa kwa saa za mwajiriwa na bado unaambiwa "vumilia, ufadhili unakuja", hapo wanakutumia. Na akitokea mtu anataka hela ili akuingize kazini, iwe ada ya fomu, ya mafunzo, ya usaili, kimbia. Umoja wa Mataifa hautozi hela hatua yoyote ya ajira na shirika lolote la maana liko hivohivo.

Kama uko mbali na mashirika, kuna mpango wa Wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, ulianzishwa 1970, wana kazi za kwenda kukaa sehemu na wana kazi za kujitolea kwa mtandao kama kutafsiri, kuandika, kuchora vielelezo. Za mtandao hazitakufundisha kukaa na watu, lakini zinakupa kitu cha kuandika kwenye CV na mtu wa kukuthibitisha.

Hatua ya 4: Kuwa na daftari tangu siku ya kwanza

Hii ni hatua ndogo na ndo inayotenganisha watu. Kila ukitoka kwa watu andika tarehe, mahali, walikuwepo wangapi (wanawake, wanaume, vijana, wenye ulemavu), mliongea nini, waliuliza maswali gani, uliahidi nini, na nani anafuatilia hilo ulioahidi mpaka lini. Hayo mawili ya mwisho usiyaruke hata ukiwa umechoka vipi. Ukija kuandika ripoti, ukija kuulizwa kwenye intavyuu, ukija kurudi kwa watu baada ya wiki sita, utakuta kila kitu kiko pale. Majina ya watu na habari zao za siri (magonjwa, kesi, ukatili) usiyachanganye humo, hayo yana fomu zake na kabati lake lenye kufuli.

Hatua ya 5: Jifunze lugha ya ofisi

Kwenye jamii unaweza ukawa bingwa na bado ukakosa ajira kwasababu huwezi kuandika kurasa mbili zinazoeleweka. Vitu vya kujua sio vingi kivile. Jua kusoma logifremu, lile jedwali la mradi linaloonyesha shughuli zinaleta mazao gani (yaani kinachopatikana moja kwa moja, kama watu waliofundishwa), mazao yanaleta mabadiliko gani na utajuaje kama yametokea, USAID ndo waliianzisha mwaka 1969 na mpaka leo wafadhili wengi wanaitaka kwa sura moja au nyingine. Jua spredishiti (majedwali ya kompyuta kama Excel), angalau kupanga, kuchuja na kujumlisha. Jua kukusanya taarifa kwa simu, KoboToolbox ni programu maarufu ya kazi hiyo na mashirika yasiyo ya faida wanaweza kuitumia bure kwa kiwango fulani, fomu inajazwa hata bila mtandao alafu inapanda ukifika penye mtandao, tengeneza fomu yako ya mazoezi ya maswali kumi uone ilivyo rahisi. Jua kutunza risiti na kurudisha hesabu ya masurufu, watu wazuri wamepoteza kazi kwa risiti tu.

Kozi za bure zipo kwenye tovuti za Kaya na DisasterReady, ziko nyingi mpaka zinachanganya. Fanya chache zinazohusu jambo lako, na ya ulinzi wa watoto na watu walio hatarini ifanye kwa vyovyote vile. Rundo la vyeti vya saa moja moja halimshtui mtu yeyote kwenye kamati ya ajira.

Digrii je? Ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, sosholojia, afya ya jamii, zote zinafaa, na kwa nafasi za afisa kwenda juu mashirika mengi yanaitaka. Nafasi za chini ya hapo, uhamasishaji, udodosaji, uhudumu wa afya ngazi ya jamii, mara nyingi wanataka mtu anaejua lugha ya wenyeji na anaekubalika pale, elimu ya sekondari au stashahada inatosha. Lugha usiichukulie poa, mtu anaeongea lugha ya nyumbani ya walengwa vizuri kabisa, hata kama haina hadhi ofisini, ana kitu ambacho mwenye shahada ya pili atamhitaji kila siku.

Hatua ya 6: Jifunze kuingia kwenye jamii (hii haina kozi ya mtandao)

Anza na viongozi, ndio, bila wao hufiki. Ila usiishie hapo, maana kiongozi atakuletea watu wake, walewale wanaohudhuria kila mkutano wa kila mradi na wanajua mpaka jibu gani linawafurahisha wageni. Kila ukimaliza mkutano jiulize nani hakuwepo. Aliekuwa anauza bidhaa zake saa ile, anaeuguza mtu ndani, asieweza kupanda ngazi za ule ukumbi, kijana anaeona mikutano ni ya wazee, mgeni asie na ukoo pale. Alafu wafuate walipo, saa wanayoweza wao. Mkutano wa saa nne asubuhi ni mzuri kwa dereva wa ofisi tu.

Safari ya kwanza nenda usikilize, usiende na vipeperushi. Uliza hapa mmeshafanyiwa miradi gani, ipi ilisaidia, ipi iliwakera. Utashangaa, watu wanakumbuka kila kitu, wanakumbuka mpaka rangi ya gari la mradi ulioandika majina na haukurudi. Na lazima utakutana na hii:

"Mwanangu, wenzenu walikuja hapa wakaandika majina yetu, wakatupiga picha, mpaka leo hatujaona kitu. Nyie mna tofauti gani?"

Usianze kulitetea shirika lako na usiwaponde waliopita. Kitu kama hiki kinatosha: "Mama una haki ya kuuliza hivo. Mi leo sijaja kuandika jina la mtu. Nimekuja kujua shida ya maji ikoje hapa, nitaipeleka ofisini, na Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi nitakuwa hapahapa kuwaambia wamesemaje, hata kama wamekataa." Alafu Alhamisi saa kumi uwepo. Bosi asipojibu nenda uwaambie hajajibu. Watu wakishaona umerudi na jibu baya mara moja, ile siku utakayorudi na jibu zuri watakuamini, na kabla ya hapo wana sababu zote za kutokuamini.

Kwahiyo usiahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwako. "Nadhani watakubali" kwenye masikio ya mtu mwenye shida inasikika kama "watakubali". Sema sijui, nitauliza, nitarudi siku fulani.

Kuna kipimo kizuri cha kujipima hapa, mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani Sherry Arnstein alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidaraja 8, chini kabisa ni watu kuchezewa akili, katikati kuna kupewa taarifa na kuombwa maoni, juu kabisa wananchi wenyewe ndo wanaamua. Miradi mingi inayojiita shirikishi iko pale katikati, watu wameombwa maoni na maamuzi yalishapitishwa zamani. Wewe kama mfanyakazi mdogo hutabadilisha hilo peke yako ila unaweza kuwa mkweli kuhusu kidaraja mlichopo. Kama bajeti imeshafungwa na kinachobaki kuamuliwa ni kisima kichimbwe upande upi, waambie hivohivo, tumekuja kuamua upande, usiwaite watu waje "kupanga mradi wao" wakati mradi umeshapangwa.

Na malalamiko. Viwango vikuu vya kibinadamu vinavyojulikana kama CHS, vilivyotoka 2014, vinasema wazi kwamba watu wana haki ya kulalamika na kujibiwa. Waeleze mapema walalamike wapi, na mlango mmojawapo usipitie kwako, kwasababu siku moja wewe ndo utakuwa unalalamikiwa.

Hatua ya 7: Ulinzi, hapa hakuna utani

Una orodha ya nani anapata msaada, kwa mtu mwenye njaa hayo ni madaraka makubwa hata kama mshahara wako ni kiduchu. Usiombe wala kupokea kitu kutoka kwa walengwa, hela, zawadi, ngono, au kazi ya bure nyumbani kwako. Umoja wa Mataifa uliandika marufuku hizi kwenye waraka wa Katibu Mkuu wa mwaka 2003 na mashirika mengi yana kanuni kama hizo kwenye mkataba: kubadilishana msaada kwa ngono ni marufuku, mahusiano ya kingono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku hata kama sheria ya eneo inaruhusu umri mdogo zaidi, na ukiona mwenzako anafanya unatakiwa kuripoti. Tangu 2019 kuna mfumo ambao mashirika yaliyojiunga yanaulizana kuhusu makosa ya kingono ya mwombaji kwa miaka mitano ya nyuma, kwahiyo ule mtindo wa kufukuzwa huku na kuibukia kule unazidi kuwa mgumu, na ni vizuri.

Picha: omba ruhusa kabla, eleza itatumika wapi, na mtu akisema hapana usimbembeleze. Picha za watoto na wagonjwa usiweke kwenye status yako, hata kama moyo wako ni safi.

Hatua ya 8: Maombi na intavyuu

Kazi zinatangazwa kwenye tovuti za ReliefWeb (ipo tangu 1996, ni ya Umoja wa Mataifa) na Idealist, tovuti za mashirika yenyewe, na mbao za matangazo za ofisi za serikali za eneo. Mashirika madogo mara nyingi hayatangazi kabisa, wanauliza "kuna kijana mnaemjua?", na ndo maana ile hatua ya kujitolea kwa kikundi kidogo ina faida mara mbili.

Kwenye CV acha maneno kama "nilishiriki katika kuhamasisha jamii". Fungua daftari lako. Andika: "Nilifuatilia wanafunzi 40 walioacha shule, nilitembelea kaya zao zote, 17 walirudi, niliandika ripoti ya sababu zilizozuia waliobaki." Namba za mfano hizo, weka zako za kweli, na kama walirudi watano andika watano, msomaji mzoefu anajua kazi hii haina asilimia mia na sentensi ya sababu zilizozuia ndo itamfanya akuite.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja na ijibu tangazo kipengele kwa kipengele. Mambo ya "tangu utotoni nimekuwa na moyo wa kusaidia" yafute, waombaji wote wana huo moyo.

Intavyuu nyingi zinauliza kwa mtindo wa tukio, tuambie siku jamii ilikataa mradi ukafanyaje, siku mlitofautiana na msimamizi, siku uliona mwenzako anavunja kanuni. Andaa matukio matano sita ya kweli, kila moja lipange hivi: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini wewe (sio "tulifanya"), ikaishaje. Wengi wanajieleza vizuri kwenye hali alafu wanasahau mwisho. Mara nyingine kunakuwa na jaribio la kuandika, unapewa saa moja uandae mpango wa mkutano au ufupishe ripoti, zoea kuandika kwa muda mfupi. Mwisho wakikuuliza kama una swali, uliza "mtu aliekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi saivi?" Jibu la hilo swali linafundisha mengi.

Hatua ya 9: Soma mkataba, alafu jipange kwa mwisho wake

Ajira nyingi za huku ni za mradi, mwaka mmoja, miaka miwili, na mradi ukiisha na wewe umeisha. Kabla ya kusaini uliza ufadhili unaisha mwezi gani, kipindi cha majaribio ni muda gani, usafiri wa fildi ni wa nani na ukipata ajali njiani bima inasemaje. Pikipiki ya mradi bila helmeti usiipande, mwambie msimamizi kwa maandishi. Barabara nayo ni hatari ya kweli, sio zile za kwenye sinema tu.

Utachoka pia, na uchovu wenyewe ni wa kipekee, unasikiliza shida za watu mchana kutwa na nyingi huna uwezo nazo. Tafuta mtu wa kuongea nae mapema, kama shirika lina ushauri nasaha tumia, na simu ya kazi iwe na saa ya kuzimwa. Dharura za kweli ziwe na namba ya zamu inayoshikwa kwa kupokezana, isiwe namba yako.

Ngazi ya kupanda kwa kawaida ni mhamasishaji, msimamizi wa eneo, afisa, mratibu, meneja. Ujue tu kwamba kila kidaraja kinakuondoa kwa watu na kukusogeza kwenye bajeti na vikao, kuna watu wanafika umeneja wanagundua walikuwa wanapenda fildi. Kama ndo wewe, hamia upande wa kufundisha wahamasishaji wapya, au upande wa malalamiko na maoni ya jamii, au ufuatiliaji na tathmini, huko bado utakutana na watu na mshahara unapanda kidogo kidogo.

Mradi ukikaribia kuisha usisubiri siku ya mwisho. Waambie watu miezi kadhaa kabla, kwamba tunaondoka mwezi fulani, hiki kinabaki, hiki kinakoma, kwa hili muoneni fulani, na huyo fulani mpeleke mwenyewe mkamtambulishe ana kwa ana. Orodha ya ahadi zilizobaki wazi kwenye daftari imalize au mkabidhi mtu kwa maandishi. Kwa upande wako barua ya kumbukumbu iombe wakati msimamizi bado yuko kwenye kiti chake, chukua na namba yake binafsi na ya mwenzake mmoja, maana ofisi ya mradi ikishafungwa barua pepe za shirika zinazimwa na mwajiri mpya akituma maswali hakuna wa kujibu.